Wakili wa Mama Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ile nikisomea unesi hapa Arlington, Marekani, jirani yangu Mama Furaha alipobisha mlango wangu akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa mjane, mkimbizi kutoka Bukavu, na watoto wake ndiyo kwanza walikuwa wamezoea shule. Meneja wa fleti zetu alikuwa amemwambia ahame mkataba wake ukiisha. Familia nyingine mbili za Wakongo ziliambiwa vivyo hivyo.

"Anasema chakula chetu kinanuka," akaniambia.

Kulikuwa na ofisi ya mawakili wanaolipwa kwa fedha za umma, ili hata asiye na uwezo asikike kortini. Nikampeleka, nikawa mkalimani wake. Wakili alikuwa dada mmoja Mmarekani, mpole wa sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Nilipomweleza Mama Furaha ni nani anayemlipa yule dada, alikunja uso.

"Unasema serikali njo inamulipa avoka anitetee? Kwetu serikali ilikuwa inalipa batu batufukuze."

Akainuka kutaka kwenda zake. Wakili aliuliza amesema nini, nikamfasiria.

"Mwambie mshahara wake unapokatwa kodi, sehemu yake inafika hapa," akasema. "Simpi sadaka. Mimi ni wakili wake."

Mama Furaha akaketi tena.

Wiki hiyo ofisi ilituma mume na mke Wazungu kuuliza nyumba pale kwetu, ili kumpima meneja. Meneja akawaonyesha fleti tupu, wachague. Alipokwenda kaka yake Mama Furaha kuuliza vilevile, aliambiwa pamejaa. Basi kesi ikafunguliwa, kwa sheria inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya asili yake.

Haikupita muda, upande wa pili ukaleta pendekezo: Mama Furaha abaki, lakini afute kesi. Nakwambia ukweli, nilitamani akubali. Mtoto wake mdogo alikuwa ameanza kulala na viatu miguuni, akiogopa wengine wataondoka wamwache.

"Na bale bengine?" akaniuliza.

"Zile familia mbili hazimo, mama."

"Basi mwambie hapana. Nikibaki mimi peke yangu, watoto wangu watacheza na nani?"

Tuliishi roho juu miezi mingi. Mwishowe, kabla hakimu hajaanza kusikiliza ushahidi, wenye fleti wakakubali: familia zote tatu zikabaki, meneja akaondolewa. Jioni hiyo Mama Furaha alipika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akafungua madirisha yote.

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, na kura unayo. Utasikia watu wakisema fedha za umma zisiwalipe mawakili wa kina Mama Furaha. Usinyamaze. Sheria ya usawa ilikuwepo siku zote alizokuwa akitishwa; ilianza kumfaa alipopata mtu wa kuidai kortini. Nawe ukionewa, nenda mapema, usione haya kusaidiwa na kile ambacho jasho lako limekilipia. Na ukiletewa nafuu ya peke yako, muulizie jirani yako kwanza.

Mungu akupe makazi yasiyo na hofu, mwanangu, na akupe kinywa cha kumsemea asiyesikika. Popote uendako, uende salama, urudi salama.