Valeriani na Mlio wa Msiba

Kengele ya kanisa dogo la Presbiteri kule Mbulumbulu haikuwa kengele. Ilikuwa ringi ya trekta, tena trekta la mzungu aliyelima ngano huko kabla mashamba hayajataifishwa. Ilining'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti wa loliondo, ikagongwa kwa kipande cha nondo. Lakini ole wako uiite ringi mbele ya Valeriani! Angekukazia macho mpaka ushike adabu. "Hii ni kengele," angesema. "Ringi iko kwenye trekta."

Ndivyo alivyokuwa. Mwiraqw mrefu, mkavu, mchache wa maneno, aliyekuja kutoka Mbulu akiwa kijana kubeba magunia ya ngano, akaoa, akabaki. Hakuwa mzee wa kanisa. Kuomba mbele ya watu alikuwa akibabaika, na kuimba ndiyo kabisa. Akijaribu, kwaya nzima inapotea njia. Hata hivyo hakuna ibada iliyoanza bila mkono wake, wala harusi, wala kikao, wala mazishi. Watu walimheshimu kwa hilo, naye alilijua, msinidanganye kwamba hakulijua.

Mkewe Katarina ndiye aliyekuwa na maneno ya nyumba nzima. Kila Jumapili alfajiri, Valeriani akijifunga koti lake la kijeshi lililochakaa, Katarina alimwambia, "Haya nenda, mke mwenzangu anakusubiri kule juu." Miaka yote hiyo, utani uleule. Na miaka yote hiyo Valeriani alitoka mlangoni akificha tabasamu.

Kengele ile ilikuwa na milio mitatu, na hata mtoto wa kunyonya wa pale aliijua. Mlio wa ibada ulikuwa wa kuchangamka, mapigo matatu matatu. Mlio wa hatari ulikuwa mfululizo bila kupumua: huo ulipigwa tembo au nyati wakishuka kutoka msitu wa Ngorongoro kuingia mashambani, na kila mwanamume aliyeusikia alikamata mkuki au panga akakimbilia kanisani bila kuuliza. Wa tatu ulikuwa mlio wa msiba. Pigo moja, kimya mpaka sauti ife yenyewe, kisha pigo jingine.

Mlio wa msiba haukukimbiza mtu. Zamani ulikimbiza, na palikuwa na vurugu: watu wakiangua kilio nyumba isiyo yenyewe, wakimlilia mtu aliyekaa jikoni anakunywa uji. Basi wazee wa kanisa wakaweka utaratibu. Wafiwa walete habari kwanza kwa mpiga kengele. Wengine wote wakisikia, kila mtu arudi kwake, watoto waingizwe ndani, pasitoke mtu mpaka mzee wa kanisa apite nyumba kwa nyumba na jina la marehemu. Utaratibu huo ulishikwa kuliko amri kumi. Maana watu wa pale, kabla ya injili na baada ya injili, hawakupenda mtoto akutane na kifo njiani.

Aliyemfundisha Valeriani kazi alikuwa mzee Nikolaus, ambaye sasa ni marehemu. Mzee huyo alimkabidhi nondo kwa mikono miwili, akamwambia neno moja tu. "Hii ya msiba usiipige bila maiti. Ukiipiga bure itamtafuta mwenyewe mpaka impate."

Mwinjilisti Marseli, aliyeongoza ibada kwa kuwa mchungaji alikaa mbali Arusha, aliposikia maneno hayo alihubiri vikali juu ya ushirikina. Watu wakasema amina. Kisha wakatoka nje, na kila aliyepita chini ya ule mti akaikwepa ringi isimguse bega.

Mwaka themanini na nne walikula unga wa njano wa msaada, tena kwa kupanga foleni. Kwa hiyo mwaka wa themanini na tano, mahindi yalipokubali, Jumapili ya Mavuno ikawa si jambo la mchezo. Marseli aliitangaza wiki nyingi mfululizo: mchungaji atakuja, patakuwa na Meza ya Bwana na ubatizo, kwaya ya Karatu itaimba, akina mama watapika makande. Na kama desturi, waumini wote watakusanyika bondeni penye kisima. Kengele ikilia watapanda kwa maandamano, watoto mbele na mahindi mikononi, akina mama nyuma yao na vikapu, wanaume mwisho na magunia.

Watoto mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya siku.

Ijumaa jioni mlio wa gobore ulisikika msituni. Valeriani aliusikia akiwa anakamua ng'ombe, akanyamaza. Kijiji kizima kiliusikia, kikanyamaza. Kuwinda bila kibali ni jela, na hakuna aliyetaka kujua nani amepiga, isije ikamponza. Jumamosi, Moloimet, Mmaasai aliyehamia pale na ng'ombe wake akawa muumini mwenzao, alisema kisimani kwamba ameona damu ukingoni mwa msitu, na alama za kwato za nyati anayeburuta mguu. Watu wakainamisha vichwa wakaendelea kuteka maji. Mtu mmoja akasema, "Ameshakufa huko." Na kwa kuwa wote walitaka iwe hivyo, ikawa hivyo.

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulikuwa mzito, ule wa mwezi wa saba unaolaza hata majogoo. Katarina hakutania. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa cha kichwani bado kiko mkononi.

"Baba Rozalia, sikulala. Moyo wangu uko kwa mtoto."

Rozalia, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa upande wa pili wa kilima, ng'ambo ya kanisa, na siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika na karibu aondoke nayo.

"Rozalia mzima," Valeriani alisema, akitafuta kofia yake.

"Wakileta habari watapita kwako kwanza. Ikiwa mbaya, usinifiche. Niahidi."

Valeriani alikuwa amechelewa, na hofu ya mkewe ilikuwa imeanza kumwingia na yeye. Akamjibu kama mtu anayefukuza nzi. "Mama Rozalia, sina cha kukuficha. Ikiwa mbaya utaisikia kwenye kengele kama watu wote." Akatoka. Ingekuwa heri angerudi akakaa dakika moja tu! Lakini nani hurudi?

Njia ya kanisani ilipanda kupitia korongo jembamba, mabua ya mahindi huku na huku. Hapakuwa na njia nyingine kutoka bondeni, ila ile ndefu inayozunguka kilima kupitia kwa wakwe wa Rozalia, ambayo kwa desturi ilipitwa wakati wa msiba. Valeriani alishalivuka korongo alipopata harufu, harufu ya zizi na kidonda. Akasimama. Kwenye mabua, usawa wa kiuno chake, palikuwa na damu, nyeusi na mbichi. Kisha nyuma yake, kule alikotoka, mahali alipopita kwa miguu yake mwenyewe punde tu, kitu kikapumua.

Alimwona nusu. Pembe, na jicho moja. Nyati amelala kandokando ya njia ndani ya mabua, ubavu umechanika, uso umeelekea chini, upande wanakotokea watu. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii. Anachagua mahali, anangoja. Valeriani alijua hilo tangu utoto, na alijua pia kwamba yeye amepona kwa sababu ukungu na upepo vilimficha, basi.

Alirudi kinyumenyume mpaka kanisani. Akashika ule mti. Na hapo, kutoka bondeni, akasikia watoto wakijaribu wimbo wao wa mavuno.

Alipiga kelele. Alipiga kelele mpaka koo likauma, na ukungu ukaimeza sauti yote. Kule chini waliendelea kuimba. Kuzunguka kwa wakwe wa Rozalia kungechukua muda wa chungu cha makande kuiva. Akinyamaza? Marseli hakuwa mtu wa kungoja. Mchungaji yuko njiani, wageni wanatoka Karatu, kengele imechelewa. Angewapandisha tu, watoto mbele. Akipiga mlio wa ibada, anawaita watoto penye pembe. Akipiga wa hatari, wanaume wanakuja mbio kwenye ukungu, kwa njia ileile, na wa kwanza hamwoni nyati mpaka amemkanyaga. Moloimet angekuwa wa kwanza. Moloimet alikuwa na watoto wadogo.

Kila mlio uliita watu. Wote isipokuwa mmoja.

Jasho lilimtoka katika baridi ile. Akamkumbuka Nikolaus na mikono yake miwili. Akasema kwa sauti, "Mungu wangu, kama itamtafuta mtu, inipate mimi." Alikuwa mkweli.

Akapiga.

Pigo moja. Akangoja sauti ife. Wimbo kule bondeni ulikatika katikati ya neno.

Pigo la pili. Akasikia mama mmoja akiita mwanawe. Pigo la tatu, na sauti za watu zikaanza kuachana, hawa huku, wale kule, milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine mpaka bonde zima likanyamaza. Valeriani akaendelea kupiga, machozi yakimtiririka kwa furaha. Wamerudi! Watoto wako ndani! Mtu asingetoka mpaka Marseli apate jina, na Marseli angezunguka juu kwa njia ndefu ya wafiwa ili kuliuliza. Aliona jinsi watakavyomlaumu, kisha watakavyolia kwa shukrani. Alijiona hata akicheka na Katarina jioni, akimwambia mke mwenzio ameokoa watoto wa watu.

Katarina.

Mkono ukabaki hewani na nondo. *Utaisikia kwenye kengele kama watu wote.*

Ndipo alipomsikia. Sauti yake ilikuwa ikipanda kutoka chini, imepasuka, haina utani hata chembe. "Rozalia! Mwanangu! Rozalia wangu!" Alikuwa akikimbia. Mwanamke wa umri ule, miguu inayouma, alikuwa akikimbia kupanda kilima. Utaratibu wa kukaa ndani uliwahusu wasiojua marehemu ni nani, na yeye, kwa neno lile la asubuhi, alijiona ameshaambiwa.

"Rudi!" Valeriani alinguruma. "Mama Rozalia, rudi! Hajafa mtu! Rudi!"

Katarina aliisikia sauti ya mumewe ikilia kwenye ukungu. Maneno hayakumfika. Alichosikia ni mwanamume ambaye hajawahi kupaza sauti maisha yake yote, anapiga mayowe juu ya kilima. Akazidisha mbio.

Valeriani aliacha nondo ikaanguka, akateremka mbio kulifuata korongo, hana mkuki, hana panga, hana chochote. Alisikia mabua yakivunjika, mengi kwa pamoja. Alisikia jina la Rozalia likiitwa mara moja tena, nusu yake.

Moloimet na wenzake walimmaliza yule nyati mchana, ukungu ulipoinuka. Walimkuta Valeriani ameketi njiani, kichwa cha mkewe mapajani, akimfunga kile kitambaa cha kichwani vizuri, akikifungua, akikifunga tena. Nyati hakumgusa. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, anamtazama, hana nguvu tena.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na mtoto aliyekuwa mstari wa mbele, na akina mama walimbusu mikono wakilia, naye aliwaachia mikono kama si yake. Aliyepiga gobore alikuwa miongoni mwao, bila shaka, akimpa pole kama wenzake.

Rozalia alijifungua salama wiki ileile, mtoto wa kike. Hawakumwambia habari za mama yake mpaka alipoweza kukaa.

Siku ya mazishi, kesho yake ya ile Jumapili, mchungaji alikuwapo, na kwaya ya Karatu, na makande yaleyale yaliyopikwa kwa ajili ya mavuno. Kaburi lilichimbwa karibu na mti wa loliondo. Watu walijaa uwanjani wakasimama wakingoja, maana maiti wa pale haingizwi kaburini kabla ya kengele. Dakika zikapita. Mwishowe mwinjilisti Marseli akamwendea Valeriani, akaiokota nondo majanini ilikokuwa imeanguka, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mzee wangu," akasema polepole, "watu wanasubiri mlio wa Mama Rozalia."

Valeriani hakuipokea.

"Ulishapigwa, mwinjilisti," akasema. "Yeye mwenyewe aliusikia."