Kamba za Viatu vya Kombe

Nasema mapema: sifa za Kombe tulizitunga sisi wenyewe, pale barazani Kibokoni, na mimi nilikuwa mbele kuliko wote.

Kombe alikuwa mpiga fidla wa harusini, nami nikimpigia ngoma ya dumbaki. Nyumba za watu tuliingia miguu mitupu, viatu mlangoni. Bei isipomridhisha, Kombe hakubishana. Aliinuka, akaenda kuvaa viatu, navyo alivaa vya kamba makusudi. Mwenye harusi, kadi zishagawanywa na mbuzi washanunuliwa, humkimbilia: "Ndoo ukae, fundi, mbona hasira?" Sikumwona hata siku moja akimaliza kufunga cha pili.

Mwaka wa tisini na nne, vinanda vya umeme vilipokwisha kutunyang'anya harusi, vijana wa mpira wakaanza kumjia awatafutie timu. Sisi ndio tuliowatuma. Nani amwezaye Kombe kwa kupatana? Wa kwanza alikuwa Kahindi, mshambuliaji hodari, mbeba magunia Makupa.

"Mzee, wakinipa kazi ya kudumu tu, mimi nimekubali," alimwambia.

Kampuni moja ya malori Shimanzi ilikuwa na timu. Meneja, Bwana Wekesa, alitupokea vizuri, mimi na Kombe: Kahindi atacheza, na ataajiriwa stoo, kazi ya kudumu. Barua ya kazi ilikuwa pale mezani. Kombe akataka na nyumba. Wekesa akatikisa kichwa.

Basi Kombe akainuka.

Nilitamani kumvuta shati. Ofisini hakuna aliyevua viatu! Alipofika mlangoni akainama, akafungua kamba zilizokuwa zimefungwa, akaanza kuzifunga upya, polepole. Cha kwanza. Cha pili. Sijapata kuona aibu kama ile. Wekesa alikuwa keshashika karatasi nyingine.

"Tafadhali rudishia mlango, mzee," alisema. "Vumbi la malori."

Asubuhi yake nilimsihi turudi. Akakataa katakata, aliyeinuka harudi mpaka aitwe, ndivyo alivyozoea. Siku ya tatu alipokubali, barua alikuwa amepewa mchezaji mwingine.

Na mimi, mdomo wangu huu, nilipoulizwa barazani sikusema kweli. Nilisema, "Kombe amewainukia watu wa Shimanzi!" Wakapiga makofi. Wiki ile ile wakaja wachezaji wanne wapya kumtafuta, naye akawapokea, macho yake yakinikwepa.

Ligi ilikuwa imefika katikati nilipokutana na Kahindi kule Makupa, gunia begani, jasho likimtiririka. Nilitaka kupita upande wa pili, lakini alikuwa keshaniona. Alinisalimu kwa heshima zote, gunia hakulitua.

"Mwambie mzee asilegeze kamwe," akasema, akitabasamu. "Mimi nasubiri. Wataita tu, sivyo?"

Nikamwambia wataita.