Ngome Mstari wa Mwisho

Kwetu mwanamume haketi meza moja na mama mkwe wake. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Ndiyo maana mimi na mama mkwe tulicheza sataranji kwa ujumbe wa simu, yeye akiwa Kabungu, mimi Ilembo, kila mtu na ubao wake, hatua moja kwa siku. Mke wangu ndiye aliyetuanzishia, akicheka kwamba angalau hapo tutazungumza.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa kipigo. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwenye mchezo wa mtandaoni alama zake zilizidi zangu kwa mbali. Miaka sita sikumshinda hata mara moja. Kila ujumbe wake ulianza na neno "Mkwe", kisha hatua, kisha kejeli kidogo.

Mke wangu alifariki masika yaliyopita, mchezo ukiwa katikati. Matanga yakaisha, shemeji zangu wakachukua nguo zake, wakaaga. Nikabaki najiuliza kama bado mimi ni mkwe wa mtu. Siku ya tatu simu ikalia: "Farasi f6." Basi. Hakuna pole, na lile neno halikuwepo. Nililia, kisha nikajibu kwa hatua yangu.

Tukaenda hivyo, hatua tupu, mpaka mahindi yakavunwa. Ndipo nikaona: mfalme wake amebanwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na ngome yangu ina njia wazi hadi mstari wa mwisho; hatua moja tu, nimeshinda. Nilichokitamani miaka yote sasa nilikiogopa. Mchezo ukiisha, atanitafuta kwa lipi? Aliyetuunganisha hayupo.

Siku nne sikutuma hatua. Nilimkaripia fundi baiskeli asiye na kosa. Siku ya tano mama mkwe akaandika:

"Nimeliona tangu Jumapili. Kosa ni langu, nilikuwa namuwaza mwanangu. Usinionee huruma, hiyo ni dharau. Piga."

Nikaandika: "Ngome e8."

Nikashinda nachungulia simu. Nikaanza kukusanya kete, nizirudishe kwenye boksi. Jioni, nikiwa nimemshika mfalme wake mkononi, simu ikalia.

"Umenishinda kihalali. Panga upya, mkwe. Safari hii nyeupe nachukua mimi, nianze, wewe unachelewa sana."

Nikamrudisha mfalme mahali pake.