Karatasi Yangu Katika Barua ya Sista

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu nyingine zimelala, nyingine zimesimama, na nilipokosea nimefuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi imechunika. Niliishia darasa la saba. Tahajia ya maneno mengine naibahatisha, na naandika polepole kwa sababu nikiharakisha mkono unaruka herufi. Tena naandikia kwenye meza ya mchele ya mama yangu mdogo hapa Tunduma, kwa hiyo mteja akija naacha, na nikirudi nakuta nimesahau nilitaka kusema nini. Nilichotaka kusema ni wivu.

Nina dada mmoja, na dada yangu ni mtawa. Kwetu ni Hasamba, tunalima kahawa na mahindi. Tumezaliwa wawili tu. Zamani tulilala kitanda kimoja, na yeye ndiye aliyenisuka nywele, akinibana kichwa kwa magoti yake nisitoroke. Alipoondoka kwenda kwa masista nilikuwa bado shule ya msingi. Wiki ile nilikwenda shule nywele hazijasukwa, mwalimu akanirudisha, mama akazinyoa zote. Basi mimi habari ya wito wa dada naikumbuka kwa baridi ya kichwani.

Huko unovisini, kwenye malezi ya masista wapya, hawakuruhusiwa simu. Barua zilipitia sanduku la parokia, na katekista akazitangaza baada ya misa, mwisho kabisa, baada ya kutaja zamu za kufagia kanisa: "Familia ya Sista, mna barua." Watu wote walikuwa wanageuka. Tangu hapo baba akawa Baba Sista na mama akawa Mama Sista. Mimi nikawa yule mdogo wake Sista, na mtu akinikuta na ndoo ya samadi aliniuliza, "Na wewe unakwenda lini?" Kama vile pale nyumbani nasubiri gari tu.

Barua ya dada ilikuwa haifunguliwi nyumbani. Mama aliiweka kabatini, juu ya vikombe vya wageni, mpaka siku ya jumuiya, majirani Wakatoliki tunapokutana kusali. Jumuiya yetu ikishamaliza rozari na somo, mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa anasema, "Haya, tumsikie mtoto wetu." Mtoto wetu, anasema yeye, aliyekuwa akimfukuza dada kwenye mapera yake! Ndipo mama anaileta, na mimi nasoma, kwa kuwa macho ya mama hayaoni maandishi madogo, na baba anasema sauti yake si ya barua. Nilikuwa naificha sura yangu nyuma ya karatasi.

"Wazazi wangu wapendwa katika Kristo." Ndivyo zilivyoanza zote. Halafu afya njema kwa neema ya Mungu, halafu mvua za huko, halafu sala. Halafu salamu: babu, shangazi, baba mdogo wa Kamsamba, mwenyekiti wa jumuiya, wanajumuiya, kwaya, "na mdogo wangu." Mimi nilikuja nyuma ya kwaya. Nilikuwa nasoma salamu zangu mwenyewe kwa sauti yangu mwenyewe mbele ya watu, na hakuna aliyegundua kwamba nimefikiwa, maana wakati huo kila mtu alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake.

Mwaka dada alipoweka nadhiri za kwanza, barua zikaanza kuwa na mtu mwingine. "Mdogo wangu wa huku anajifunza kushona." "Mdogo wangu wa huku anawasalimu, anasema anatamani kuonja maharage ya mama." Alikuwa sista mdogo aliyeingia nyuma yake, na dada ndiye aliyekuwa anamwelekeza. Wanajumuiya walifurahi, wakasema Sista amepata ndugu. Mimi nilisoma hayo maneno, mdogo wangu wa huku, na ulimi ukawa kama umelamba ganda la ndizi mbichi.

Majibu ya mama pia niliandika mimi. Mama anakaa kwenye kigoda, mimi kwenye kizingiti penye mwanga.

"Andika, sisi hatujambo."

"Nimeandika."

"Andika, tunamshukuru Mungu kwa yote."

"Mama, niandike kwamba baba anakohoa?"

"Usiandike! Barua inafunguliwa na Mama Mkuu kwanza. Ataona nyumba hii ni ya malalamiko, amrudishe mtoto wa watu."

"Ni mtoto wako."

"Andika, wewe. Andika ng'ombe amezaa."

"Amezaa ndama gani?"

"Ndama ni ndama. Mama Mkuu ataka rangi ya ndama ya nini?"

Kwa hiyo niliandika ng'ombe amezaa. Sikuongeza lolote. Niliogopa kwamba nikitia neno langu Mama Mkuu atalijua, kwa kuwa halitakuwa na Mungu ndani yake.

Sasa, mwaka juzi wakati wa kuvuna kahawa, dada alipewa likizo ya kuja nyumbani. Masista wadogo husafiri wawili wawili. Hamjaniuliza alikuja na nani, lakini mmeshajua.

Yule mdogo wa huko alikuwa mfupi, mchangamfu, anacheka kabla ya kichekesho. Aliposhuka kwenye bodaboda mama alimkumbatia akamwita mwanangu. Walipewa chumba changu na kitanda changu, kile kile cha zamani, wakalala wawili. Mimi nililala jikoni kwenye mkeka. Nilisema sawa, wageni. Mchana kuku akachinjwa. Kwetu firigisi ni ya baba, hakuna anayeigusa. Baba akaichukua akaiweka kwenye sahani ya dada, akasema leo mkubwa hapa ni Sista. Watu wakapiga makofi. Dada akaikata katikati. Nusu akala. Nusu nyingine akamwekea mwenzake.

Nilitoka nje nikasema nakwenda kuangalia kahawa isinyeshewe. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu.

Kahawa yetu tunaianika kwenye vichanja nyuma ya nyumba, na ukishaianika unatakiwa kuichambua, unatoa punje zilizopasuka na zenye maganda. Ni kazi ninayoipenda kwa kuwa huhitaji kuongea na mtu. Nilikuwa nimeinama pale, dada akaja. Shela yake nyeupe, mikono imekunjwa. Akasimama upande wa pili wa kichanja akaanza kuchambua na yeye, upesi upesi kama zamani.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna, Sista."

"Hapa hakuna mtu, niite dada."

"Mama amesema tukuite Sista hata mbele ya kuku."

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Nawe hiyo punje nzima unaitupa ya nini?"

"Mwite mdogo wako aje achambue vizuri."

"Mdogo wangu yupi?"

"Wa huku."

Akakunja kiganja. Nilidhani ameshika rozari, kumbe ameshika kahawa, anaifinya.

"We! Unamwonea wivu yule mtoto?"

"Umempa firigisi."

"Hajala nyumbani kwa watu mwaka mzima! Na wewe tangu lini unakula firigisi?"

"Ningekula."

Hapo akacheka mpaka akashika kichanja, na mimi machozi yakanitoka, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Barua zote ulizoandika, ya kwangu ni ipi? Nitajie moja. Mimi ninakuja baada ya kwaya!"

Akaacha kucheka. Akaniambia, "Nikuandikie nini, wakati mwenyekiti wa jumuiya amekaa anasikiliza? Niandike nilipewa nguruwe niwatunze na yule dume ananikimbiza? Niandike siku nyingine nalia chooni kwa hamu ya nyumbani? Wewe ungeyasoma hayo mbele ya kwaya?"

Nikairudisha ile punje nzima kichanjani.

"Na wewe je? Mwandiko ni wako, naujua, hiyo K yako inayopiga teke. Lakini wewe ndani yake humo. Naisoma barua yote nakutafuta. Ng'ombe amezaa. Amezaa nini? Ana rangi gani? Nikasema huyu amekua, ana maringo, hataki hata kuniandikia mstari."

"Mama alisema Mama Mkuu anafungua."

"Alikuwa anafungua nilipokuwa novisi! Hafungui tena. Mbona mama hakuuliza?"

 Miaka yote ile baada ya nadhiri sisi tulimwandikia Mama Mkuu ambaye hasomi, na dada aliandikia jumuiya. Halafu dada akasema, bila kuniangalia, kwamba mimi naamka nikiwa na mama. Kwamba nikikosea, mama ananigombeza, na yeye sasa mama anamwita Sista na kumpangusia kiti kwa kanga. "Hata jana," alisema, "nimemwaga chai, na mama ameniomba radhi mimi."

Nilifurahi kusikia kwamba ananionea wivu. Naandika kama ilivyokuwa. Nilimhurumia na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

"Ni mwekundu," nikasema. "Ana baka jeupe begani."

"Nani?"

"Ndama."

Tukakubaliana. Akirudi ataandika karatasi mbili kwenye bahasha moja. Ya kwanza ya jumuiya, kama siku zote. Ya pili yangu.

Nilingoja. Kahawa ikaisha vichanjani, mahindi yakapandwa, ndipo katekista akatangaza. Mama akaiweka kabatini. Zile siku mpaka jumuiya nilipita mbele ya lile kabati bila sababu, nikifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Siku ikafika. Rozari ile sikuisali, Mungu anajua. Nikafungua bahasha mbele ya watu. Karatasi mbili. Ya pili imekunjwa mara nyingi na juu imeandikwa jina langu, kwa wino wa bluu. Nikaisoma ya kwanza yote, mpaka kwaya. Safari hii baada ya kwaya sikuwemo kabisa, na sikujali.

Mwenyekiti akasema, "Na hiyo nyingine?"

"Imeisha," nikasema.

"Imeisha vipi nami naiona mkononi? Soma, mtoto wetu katutumia."

"Hii ni yangu."

"Hee! Na wewe una barua?" alisema mzee mmoja nyuma, na watu wakacheka. "Siri za masista hizo! Labda anaitwa!"

"Soma tu, mwanangu," mama akasema. "Sista hana maneno ya kuficha."

Mimi ni mtu wa aibu. Dukani nikirudishiwa chenji pungufu naondoka nayo. Lakini siku ile nilisimama mbele ya jumuiya nzima nikaikunja ile karatasi, nikaifunga kwenye ncha ya kanga yangu, nikapiga fundo. Nikasema tena, "Ni yangu." Kisha nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Niliisoma huko mtoni. Kulikuwa na yule nguruwe dume, amemng'ata baba mlinzi. Kulikuwa na uji mwepesi ambao unaona sura yako ndani. Kulikuwa na yule mdogo wa huko, kwamba akilala anakoroma kama mashine ya kusaga. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mwanamke aliyekuwa anafua akaniangalia. Na mwishoni, baada ya mambo mengi ambayo siyaandiki, aliniuliza mama anavaa ile sweta yake ya kahawia au imeisha.

Nimeshapokea nyingine. Kila ikija ina karatasi mbili, na naandika ya kwangu pia, polepole, wakati mwingine inachukua Jumapili mbili.

Lakini sasa ni mama.  Kesho ya ile siku ya kwanza, tukiwa tunapukuchua mahindi ya ghalani, akaniuliza, "Sista anasemaje kwenye karatasi yako?" Nikasema anakusalimu. Akasema, "Salamu zangu zilikuwa kwenye ile nyingine." Akaendelea kupukuchua. Alipomaliza lile gunzi akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa, na barua yangu inasomwa na kijiji. Wewe una yako." Sauti yake niliitambua. Ilikuwa ile yangu ya kwenye kichanja.

Nilimwambia aniruhusu niandike kwa dada alete karatasi tatu. Akasema hataki ya kuombewa.

Mwaka huu nilipokuja Tunduma kumsaidia mama mdogo kuuza mchele, karatasi zangu nilizileta kwenye mfuko wa sukari. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Akaushika ule mfuko kidogo, kama anaupima uzito, akanirudishia. Wikendi nikienda nyumbani bado ananiuliza, kwa njia nyingine: je, Sista anakula? Je, amenenepa? Mimi najibu kwa ufupi. Najua ningeweza kumsomea, hata zile sehemu za nguruwe tu. Kila nikitaka kumsomea, nasikia kwamba nikifungua mdomo itakuwa barua ya jumuiya tena, na mimi nitarudi nyuma ya kwaya.

Ninyi mnaosoma haya, na hasa mwenye ndugu mtawa au padri, au aliye mtawa mwenyewe: mngekuwa ninyi mngemsomea mama? Na kama mngemsomea, mngeanzia wapi? Niandikieni, mkiwapa waliowaletea haya watanifikishia. Sitasoma majibu yenu mbele ya mtu.