Nilimwambia Shangazi Ni Mrututu

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nilimdanganya shangazi yangu kwa neno moja tu, na neno hilo sasa linaninyima raha.

Mimi ni fundi redio hapa Mkata. Siku hizi natengeneza mwenyewe bodi za amplifaya, zile za spika za harusini. Unachora njia za umeme kwenye kibao chenye shaba, unakitumbukiza kwenye maji ya dawa, na dawa inakula shaba isiyotakiwa. Kazi ikiisha maji yanabaki ya buluu, mazuri kuyatazama. Ni sumu. Aliyeniuzia dawa alinionya nisiyamwage ovyo, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Nikayamwaga nyuma ya kibanda. Majani yakakauka, mwenye nyumba akafoka. Basi nikawa nayakusanya kwenye dumu, dumu likajaa, nisijue nilipeleke wapi.

Ndipo akaja shangazi kutoka Makuyuni, kule Korogwe, dada wa marehemu baba, yeye ndiye aliyenilea. Nikampa shikamoo, akakaa, akaliona dumu.

"Baba, hayo maji ya buluu si mrututu, ile dawa ya kwato? Mbuzi wangu wanaoza kwato, na dukani nimeukosa."

Ningesema hapana, yangeisha. Nikasema, "Ndiyo, shangazi. Chukua wote."

"Nauchanganyaje?"

"Umeshachanganywa. Tumia hivyohivyo."

Aliniombea dua mpaka anapanda gari. Na mimi, aibu yangu, nilifurahi kwamba dumu limeondoka.

Akawaosha mbuzi kwato kwenye karai. Wakalamba, wakanywa. Siku ya tatu walikuwa wamekufa wawili, mmoja ana mimba. Alinipigia analia, lakini hakunilaumu mimi. Alisema ni Mama Hadija, jirani yake, amewatilia sumu kwa sababu waliwahi kumlia mahindi. Wanawake hawa wameshibana tangu ujana, sasa wanapishana kisimani kimya. Mama Hadija aliitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaapa mpaka sauti ikamkauka. Nikaambiwa yote hayo, nami nikajibu tu, "Pole shangazi, Mungu atakulipia."

Unaona nilivyo?

Tangu hapo situlii. Nashika bisibisi, naiweka. Simu ikiita nashtuka.

Leo asubuhi imeita. Shangazi amejikata na jembe mguuni. "Usijali, baba, mrututu wako umebaki nusu dumu. Nitaoshea kidonda."

Nikamwambia asiuguse. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Umeisha nguvu." Hata hapo nilidanganya tena!

Nimefunga kibanda, nimefika Segera, na hapa nimekwama. Magari ya Korogwe yamepita matatu. Kila moja likija nainuka, halafu nakaa. Nampigia shangazi, hapokei.

La nne hilo linaingia, na hili napanda. Nikishuka nalichukua dumu kwanza, halafu nawaita wote wawili, yeye na Mama Hadija, niseme mbele yao. Wakinifukuza, haki yao.

Nawe fundi mwenzangu mwenye dumu nyuma ya kibanda, andika SUMU juu yake kwa herufi kubwa, likae kwako mpaka umpate anayejua pa kulipeleka. Usimpe mtu ukaliita dawa. Aliyekulea hatauliza mara mbili, atamimina tu.