Vidonge Vyangu Vyashinda Skuli

Wiki hii mimba imenizidishia kiungulia, na vidonge vyangu vya mwisho, ambavyo madukani haviko tena, vikatoweka kabatini. Nikamshuku wifi yangu mdogo, anayesoma sekondari, nikamfuata skuli. Pale dirishani nikawaona yeye na wenzake darasani wamesaga vidonge vya aina mbalimbali, kila aina kikombe chake, wanavitilia siki tone kwa tone wajue vidonge gani vinaua ukali zaidi.

Wifi akaniona, akapiga makofi. "Wifi, vyako vya kwanza! Vimeshinda hata vya mwalimu!"

"Vilivyobaki viko wapi?"

Akanyanyua kikombe. "Vyote vimo humu."

"Na kifua changu kinavyowaka?"

"Aa, wifi, wazee husema kiungulia cha mimba ni nywele za mtoto tu!"

Darasa zima likacheka. Basi sasa ninajua, kwa ushahidi wa sayansi, kwamba dawa inayonifaa hasa ni ile waliyoimaliza.