Tulipeleka salamu kwa baiskeli, boma likaanza matanga

Wakuu, nawasalimu wote.

Safari ninayowapa hapa ilinigharimu mbuzi mmoja, jogoo mmoja, sukari kilo mbili na taa ya baiskeli. Nimehesabu mara mbili na inatoka hivyo hivyo. Chumvi sitaongeza. Ile iliyokuwepo ililiwa pamoja na huyo mbuzi.

Nimeamua kuandika kwa sababu humu naona vijana wa Nairobi wanaposti picha za gravel biking. Mtu ananunua baiskeli bei ya ng'ombe, anavaa nguo ya kubana, halafu anasafiri kwenda kutafuta barabara mbovu.

Sisi barabara mbovu ilikuwa inatufuata yenyewe hadi mlangoni, na hakuna aliyetutoza.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya simu za mkono. Binamu yangu Fred alikuja kwetu Ndhiwa kutoka Nairobi na baiskeli ya gia nyingi, helmeti na miwani. Mimi nilikuwa na Black Mamba ya baba, ile ya chuma yenye keria ya mizigo nyuma, ambayo ikianguka unahurumia barabara.

"Keria iko wapi?" nikamuuliza.

"Ya nini?"

Nikajua huyu mtu hajawahi kununua kitu kwa jumla.

Fred alitaka utulivu wa mashambani. Tukaenda hadi Muhuru Bay, tukalala kwa shangazi. Utulivu hakuupata. Kwetu humpiti mtu bila kumsalimia, na salamu ya heshima inaanzia kwa afya yako inaishia kwa mvua. Kila akishika kasi, mama fulani anasema "Oyawore" kutoka shambani, mimi nashuka. Fred akasema namharibia rhythm.

Asubuhi ya kurudi nilikuwa nimeshapatana na mama mmoja huko ufuoni kuhusu gunia la omena, wale dagaa wakavu. Alianza juu, nikaondoka, akaniita. Nikaondoka tena, akaniita tena. Faida niliiona kabisa ikiningoja soko la Ndhiwa.

"Hapana bro," Fred akasema. "Leo tunaendesha light. Hakuna mzigo, hakuna kusimama kila boma."

Nikaacha omena. Naomba mlikumbuke hilo gunia.

Tulipofika Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, tukamkuta rafiki yangu Owino ndio ametoka shimoni, mweupe kwa vumbi. Boma lake liko njiani kabla hujafika Ndhiwa. Wiki hiyo shimo la jirani yake lilikuwa limebomoka. Hakuna aliyeumia, lakini hiyo sehemu ya pili ya habari ilikuwa bado haijafika nyumbani.

"Omera, pita kwangu," akasema. "Mwambie Mama Akinyi niko sawa, nitakuja Jumamosi. Hiyo tu."

Hiyo tu.

Tukakanyaga. Sikumsalimia mtu, maana Fred alikuwa mbele na mimi nilikuwa na aibu ya kuachwa na mtu asiye na keria. Tukaingia bomani tukihema. Mama Akinyi alikuwa anapepeta mtama. Fred akavua helmeti, akainamisha kichwa kwa sababu jasho lilikuwa linamwingia machoni. Mimi nikaketi kwa adabu, nikaomba maji, nikauliza, "Kuna mzee yeyote hapa?" Huwezi kuanza tu kupiga stori na mke wa mtu.

Kwa wasiojua: enzi hizo habari ya kifo ilikuja kwa baiskeli. Mjumbe anakuja mbio, keria tupu, hasalimii njiani. Akifika haropoki. Anavua kofia, anaketi, anaomba maji, anauliza mzee wa boma.

Mama Akinyi aliweka ungo chini polepole.

"Ni lile shimo?" akauliza.

Maji yalikuwa yamenikaba. Nikainua mkono, yaani asubiri kidogo.

Huo mkono ndio ulimaliza kila kitu. Alipiga nduru ambayo nadhani hata Owino aliisikia kule shimoni. Boma la jirani likaitikia, na la pili likaitikia la kwanza.

Nilipopata sauti nikamwendea mama mzazi wa Owino, ambaye alikuwa ameshaketi vumbini.

"Mama, Owino yuko salama."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ndivyo huwa mnaanza."

"Nimemwona leo kwa macho yangu."

"Na ukaja mbio hivyo, mkono mtupu? Hakuna mtu hutumwa mbio kuleta habari ya uzima."



Ikabidi Fred arudi Osiri amlete mwenyewe. Mimi na Black Mamba tukabaki rehani. Watu wakamiminika, na Ochieng, kaka yake Owino, akachinja mbuzi ili waombolezaji wasikae njaa. Mbuzi wa Owino, si wake. Kisha akaingia nyumbani, akatoka amevaa gambuti za marehemu, eti anaangalia kama bado ni nzima.

Owino alifika amekaa kwenye mtaimbo wa baiskeli ya Fred, miguu juu kama kuku wa sokoni. Akashuka, akavua kofia kwa heshima.

"Nani amekufa?"

Macho yote yakageukia miguu ya Ochieng.

"Ochieng, si hizo ni gambuti zangu?"

Mama Akinyi akamwendea. Akamfuta vumbi usoni kwa leso, taratibu, kama anayetafuta kama chini kuna mtu. Alipompata akasema, "Siku nyingine tuma mtu aliye na mzigo." Halafu akaketi chini, na hapo ndipo akalia vizuri. Hata mimi niliangalia kando.

Wazee hawakuangalia kando. Mtu akililiwa akiwa hai, jambo hilo halilali hivi hivi, lazima jogoo wa kumtakasa. Na mbuzi wa Owino arudi. Faini ikawa yangu, na walianza na mbuzi wawili.

"Mimi nimekula ubavu mmoja tu," nikasema.

"Ulikuwa unalia nini ukiula?" mzee mmoja akaniuliza.

Nilishusha hadi mbuzi mmoja na sukari ya chai. Taa yangu ikabaki rehani. Nilipoleta mbuzi, nikaikuta imefungwa kwenye baiskeli ya Ochieng, inawaka.

Fred aliahidi kulipa nusu. Akapanda basi.

Funzo langu ni fupi: usiendeshe keria tupu. Mimi hata kanisani naenda na boga. Ningekuwa na lile gunia, Mama Akinyi angeuliza bei ya omena kwanza, tungebishana, na wote tungebaki hai.

Sasa naomba ushauri. Fred yuko humu, ndiye yule wa picha za gravel, na bado hana keria. Nusu ya mbuzi nimdai kama ilivyokuwa, au na uzao wake? Alikuwa jike. Toeni maoni.

Na mkimwona anapita kwenu mbio, helmeti mkononi, hana mzigo, msilie. Mwambieni nusu mbuzi.